Muda wa Mama Unalipwa na Nani?

Historia fupi ya uzazi, malezi na kazi katika mkoa wetu wa Iringa



Kamati ya kijitabu hiki iligawa kazi. Wenzangu wameandika habari za sanduku, hisa na mikopo, na mimi nikaambiwa niandike historia. Nimechagua jambo ambalo tunalizungumza kila siku ya kikao kabla kufuli hazijafunguliwa, lakini ukipekua kitabu cha kumbukumbu hulioni: mama aliyejifungua anarudije kwenye kazi yake, na huku mtoto bado ananyonya na mwili wake mwenyewe bado haujakaa sawa?

Wengi hudhani hayo ni mambo ya nyumbani, kila mtu na lake. Hapana. Jambo hili lina historia, tena ndefu, na ukiifuatilia utaona inazunguka swali moja. Mtoto mchanga anataka muda wa mama yake. Muda huo si wa bure: saa moja ya kunyonyesha ni saa ambayo jembe limelala, au meza ya nyanya imefunikwa turubai. Sasa, gharama ya saa hiyo inalipwa na nani? Katika mkoa wetu imewahi kulipwa na ukoo, na mwajiri, na hata kijiji kizima; na mara nyingi mno imelipwa na mtoto mwenyewe. Nitaeleza moja baada ya jingine, kisha nitasema kwa nini mkutano mkuu wa mwaka huu hauna budi kulitolea uamuzi.

UKOO ULIPOLIPA

Bibi zetu walipojifungua hawakuhesabiwa siku kwa kalenda. Mama mkwe, mawifi na mashangazi walichota maji, wakakata kuni, wakapika uji wa ulezi, na mzazi akapumzika mpaka wakubwa waliporidhika. Pwani wanaita arobaini. Huku bara kila kabila lilikuwa na utaratibu wake.

Lakini jamani, tusiipambe zamani kupita kiasi. Mvua ikishanyesha shamba halisubiri mtu. Wengi walirudi kwenye jembe mtoto akiwa mgongoni, na mtoto akishakuwa mzito alikabidhiwa kwa dada yake, binti wa miaka 7 au 8, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi mchana kutwa. Ukoo ulilipa, ni kweli, ila ndani ya ukoo mzigo uliangukia mabega madogo.

Wakati wa ukoloni mzigo ukaongezeka. Wanaume wengi wa Iringa na Njombe walikwenda manamba, kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mke akabaki na shamba, mifugo, wazee na watoto. Baadaye mashamba ya chai ya Mufindi nayo yakachukua akina mama kama vibarua. Mchuma chai hulipwa kwa uzito wa majani. Akikaa pembeni kumnyonyesha mwanawe, mizani ya jioni inamwambia amepoteza kiasi gani.

Baada ya Uhuru yakaja mabadiliko mawili kwa pamoja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote wapate elimu ya msingi, na mwishoni mwa mwaka 1977 agizo hilo likatekelezwa nchi nzima. Miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na kwa wengi shamba la zamani likabaki mbali. Basi yule mlezi mdogo amekwenda shule, jambo jema kabisa ambalo wengi wetu humu ni matunda yake, na mama naye anatembea mwendo mrefu zaidi kwenda kulima. Hakuna aliyeuliza mtoto mchanga atabaki na nani. Ukoo peke yake haukuweza tena kulipa.

SIKU 84 ZILITOKA WAPI?

Walimu na wauguzi walio miongoni mwetu wanazijua siku 84 za likizo ya uzazi. Wengine tunazisikia kwenye redio tu. Zilitoka wapi?

Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington, Marekani. Mkataba wa tatu uliopitishwa pale ulihusu uzazi. Ulisema mwanamke mwajiriwa apate wiki 12 za mapumziko, asirudishwe kazini kabla ya wiki 6 kupita tangu ajifungue, na akirudi apewe nusu saa mara mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Zidisha 12 kwa 7, unapata 84. Ila mkataba ule ulihusu viwanda na biashara. Mwanamke wa shambani hakuwamo.

Hapa nchini, Umoja wa Wanawake ulioanzishwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Bibi Titi Mohamed, na baadaye ukaongozwa na Bibi Sofia Kawawa, ulilishikia bango suala la mama mfanyakazi. Ulifungua vituo vya kulelea watoto mchana, na ulidai likizo ya uzazi yenye malipo kwa kila mwanamke aliyeajiriwa. Hapo awali mama asiye na ndoa alikuwa akinyimwa. Mwaka 1975 sheria ikarekebishwa, haki hiyo ikawa ya wote, mwenye ndoa na asiye na ndoa. Ukilifikiri sana, hilo lilikuwa jambo kubwa: mtoto hasubiri kuona cheti cha ndoa cha mama yake ndipo aanze kusikia njaa. Na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ili visiendeshwe ovyo ovyo.

Sheria tunayoitumia hadi leo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Nitaitaja kwa ufupi, maana nimegundua hata wenye barua za ajira hawaijui vizuri:

Mama hupata siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia. Hapaswi kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, ila daktari akithibitisha kwamba anaweza. Akisharudi, ana haki ya muda usiozidi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Baba naye amepewa siku 3, azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwaka 2025 sheria iliongezewa kifungu cha kumsaidia mama aliyejifungua mtoto njiti, likizo yake irefushwe.

Tena tusisahau: yule binti anayekusaidia kazi za ndani ni mwajiriwa, na sheria hii inamhusu. Haipendezi tudai haki zetu mjini, halafu nyumbani tumfukuze binti kwa sababu amepata mimba.

Hata hivyo fanyeni hesabu. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, kwa miezi 6. Miezi 6 ni siku kama 180. Siku 84 hazifiki hata nusu. Daraja lililowekwa ni zile saa 2 kwa siku, na wengi hawaziombi kwa kuona haya au kwa hofu ya bosi. Mwenye kazi ya mbali anaweza kukamua maziwa kwa mkono, mikono ikiwa imeoshwa, katika chombo safi chenye mfuniko, yakakaa mahali penye ubaridi kwa saa 4 hivi, na mtoto akanywesha kwa kikombe. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa ya chuchu. Hilo ni daraja pia, lakini linahitaji mtu mwaminifu upande wa pili.

Na mwuza nyanya je? Na mama lishe? Na mkulima wa Kilolo? Hao hawana mwajiri. Kwao siku 84 ni hadithi ya watu wengine.

KIJIJI KILIPOLIPA

Hapa ndipo mkoa wetu una jambo la kujivunia ambalo vijana wengi hawalijui.

Mwaka 1983, Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia, walianzisha mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa. Wakati huo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa bado ndani ya Iringa. Mkoa wa Njombe ulikuja kutengwa mwaka 2012. Mpango ulianza na vijiji 168. Kila baada ya miezi 3 ilifanyika siku ya afya ya kijiji: watoto wote wa chini ya miaka 5 wakapimwa uzito, matokeo yakasomwa mbele ya kamati ya kijiji, na kijiji kikatakiwa kijadili sababu. Mtoto wa fulani amepungua, kwa nini? Chakula hakipo? Anaumwa? Au hana mtu wa kumlisha?

Majibu yaliwashangaza hata wataalamu. Iringa ilikuwa mojawapo ya mikoa minne iliyotegemewa na taifa kwa mahindi, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Chakula ghalani kilikuwepo. Lakini mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi kabla mama hajatoka na jioni akirudi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake, halimudu kubeba chakula cha siku nzima kwa mara mbili. Kwa hiyo mtoto alikonda ghala likiwa limejaa, kwa sababu mama hakuwa na muda.

Vijiji vikatafuta dawa. Vilianzisha vituo vya kulishia watoto: kaya zilichangia unga, maharage au karanga, akateuliwa mama wa kupika na kuwaangalia watoto, na mama wengine wakaenda shambani roho zikiwa zimetulia. Mambo mengine yalikuwa madogo lakini yenye akili. Kimea, kwa mfano. Ulezi au mtama ukiuotesha, ukaukausha na kuusaga, unga wake kijiko kimoja tu ukitiwa katika uji mzito wa moto, uji huo unalegea bila kuongeza maji. Unauchemsha tena kidogo, mtoto anakunywa, kumbe amekula unga mwingi katika kikombe kile kile. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, walilijaribu jambo hilo katika kijiji cha Luganga hapa hapa Iringa. Bibi zetu walikuwa wakikijua kimea toka zamani, ila wao walikitumia zaidi kwenye pombe na togwa.

Matokeo? Mwaka 1984 watoto 56 hivi katika kila 100 waliopimwa walikuwa na uzito pungufu. Kufikia mwaka 1988 walibaki kama 38. Wale wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka 6 hivi hadi chini ya 2 katika kila 100. Na somo la Iringa likasafiri mbali. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mwongozo wake wa lishe kwa dunia nzima, ilitaja nguzo tatu za lishe ya mtoto: chakula, huduma za afya na matunzo. Matunzo ndiyo huo muda wa mama. Nguzo hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na yale yaliyoonekana kwenye vijiji vyetu.

Ila vituo vile havikudumu kila mahali. Fedha za mpango zilipokwisha, na miaka ya 1990 hali ya uchumi ikawa ngumu, na mwaka 1993 uchangiaji wa huduma za afya ukaanza, vijiji vingi vilielemewa. Akina mama wakaingia kwa wingi kwenye biashara ndogo ndogo. Muda wa mama ukarudi kuwa mzigo wake peke yake.

KOPO NA VIRUSI

Historia hii haikamiliki bila kutaja mambo mawili yaliyotaka kumtenganisha mtoto na ziwa la mama yake.

La kwanza ni kopo. Kampuni za maziwa ya unga zilijitangaza sana katika nchi maskini, mpaka mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Geneva, ukapitisha kanuni ya kudhibiti matangazo hayo. Nchi 118 ziliunga mkono, Marekani peke yake ikapinga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Ndiyo maana leo huoni bango la maziwa ya kopo kliniki.

La pili lilituumiza zaidi. Ukimwi uliingia mkoani kwetu kwa kishindo. Utafiti wa mwaka 2011–12 ulikuta maambukizi ya watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 huko Njombe, na 9.1 hapa Iringa. Wapo akina mama waliokuwa na hofu ya kunyonyesha, na wapo waliolazimika kuchagua kati ya virusi na kuhara kunakoletwa na chupa chafu. Tunamshukuru Mungu kwamba elimu imesonga mbele. Tangu mwaka 2013 nchi yetu ilianza kumpa kila mjamzito na kila anayenyonyesha mwenye VVU dawa za maisha, na mama anayetumia dawa vizuri anashauriwa kunyonyesha kama wengine, miezi 6 ya kwanza bila kuchanganya na kitu. Lakini pengo lililoachwa lipo humu humu kikundini: bibi wanaolea wajukuu, ambao walikwisha kulea mara moja, na sasa wanalea tena.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Sasa nifike kwenye habari isiyopendeza. Kunyonyesha tumeendelea vizuri kama taifa. Mwaka 2010 watoto 50 katika kila 100 wa chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2015–16 wakawa 59, na mwaka 2022 wakafika 64. Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, ulipungua nchini kutoka watoto 34 katika kila 100 mwaka 2015–16 hadi 30 mwaka 2022.

Iringa yetu je? Mwaka 2015–16 tulikuwa na 42. Mwaka 2022 tukawa na 57 katika kila 100, wa kwanza nchi nzima. Zaidi ya nusu ya watoto wetu! Mkoa wa mahindi, viazi, maharage, maziwa na matunda. Kipimo hiki si kile kile cha uzito cha mwaka 1984, kwa hiyo tusivilinganishe moja kwa moja. Lakini ujumbe unafanana: chakula kuwepo ni jambo moja, na kumfikia mtoto ni jambo jingine. Udumavu si ufupi wa kurithi tu, kama wengine wanavyojifariji. Mtoto aliyekosa lishe katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka 2, akili yake pia hucheleweshwa, na hilo likishapita ni vigumu kulirudisha.

Na mama naye ni mtu. Mwaka 2022 wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mama anayenyonyesha anahitaji mlo wa ziada, maji ya kutosha, mboga za majani, maharage, dagaa. Anahitaji kumaliza vidonge vyake vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, na kupumzisha tumbo angalau miaka 2 kabla ya mimba nyingine. Tunayajua hayo, tumeyasikia kliniki mpaka tumeyakariri. Lakini anayeamka saa 10 usiku kuwahi mzigo sokoni, akanywa chai ya rangi na andazi moja mpaka jioni, hakosi elimu. Amekosa muda. Ukimpa semina nyingine hujamsaidia.

SISI NA SANDUKU LETU

Kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Tulianza kwa kununua hisa chini ya mti, leo tuna sanduku la kufuli tatu, mfuko wa jamii, na tumesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mfuko wa jamii umezika, umetibu, umenunua madaftari ya watoto. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini chukueni katiba yetu mkaisome. Msiba umo. Ugonjwa umo. Ajali ya moto imo. Uzazi haumo. Wakati wa mimba mwenzetu tunampigia vigelegele, akijifungua tunampelekea sabuni na sukari, halafu wiki inayofuata kitabu kinamdai kama kawaida: hisa, rejesho, na faini ya kutohudhuria. Wote tunajua kinachofuata. Mtaji unaliwa. Anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili alipe mkopo wa kikundi. Wiki ya tatu yuko sokoni, mgongo bado unamuuma, mtoto kabaki na bibi ambaye naye ni mwanachama na naye ana kibanda chake. Mtoto anaanzishiwa uji mwepesi akiwa na mwezi mmoja. Hapo ndipo mtoto analipa.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, nikiomba yajadiliwe kwenye mkutano mkuu kabla hatujavunja sanduku:

1. Mwanachama aliyejifungua asitozwe faini ya kutohudhuria kwa siku 84, na aruhusiwe kutuma hisa zake kwa mwenzake.

2. Rejesho la mkopo wake lisogezwe mbele kwa siku hizo hizo bila adhabu.

3. Mfuko wa jamii utenge fungu la uzazi, hata kama ni dogo, litolewe kama tunavyotoa la msiba, mara moja katika miaka 3 kama ilivyo kwa waajiriwa.

4. Tuchange tupange chumba kimoja karibu na soko, chenye mkeka, maji ya kunawa na mtu wa zamu anayelipwa, mama aweze kumwacha mtoto na kurudi kumnyonyesha. Kimea na unga tutachangia wenyewe, kama vijiji vilivyofanya. Ila kabla ya kuanza tumwone afisa ustawi wa jamii, maana kulea watoto wa watu kuna sheria yake.

Najua pingamizi zilizopo, kwa sababu nimezisikia. Wakubwa wetu wengine wanasema: sisi tulizaa, tukalima, hatukufa. Ni kweli, mama zetu, na heshima yenu ipo palepale. Lakini ninyi mlikuwa na wifi wa kuwachotea maji. Leo wifi yuko Dar es Salaam, na ninyi wenyewe ndio mnaoachiwa mtoto. Chumba cha soko kitawapumzisha ninyi kabla ya mtu mwingine.

Wengine wanasema fungu la uzazi ni la wachache wanaozaa, na wengine tutachangia bure. Mbona la msiba hatulisemi hivyo? Anayeshindwa kurejesha mkopo kwa sababu ya uzazi anatikisa hisa za wote. Mwalimu mwenye mshahara, siku zake 84 zinalipwa na mwajiri. Mwuza mboga aliyekaa naye mkeka mmoja anastahili kitu gani kutoka kwetu? Hilo ndilo swali, na pesa yake ipo mle sandukuni au haipo, kwa kadiri tutakavyoamua.

Na wapo wanaouliza: akina baba je? Wao hawamo kwenye daftari letu, lakini wamo majumbani mwetu. Sheria imewapa siku 3, na hakuna sheria inayomkataza baba kuchota maji siku ya 4. Wapenzi wa kikundi mnaosoma kijitabu hiki, wengi wenu ni waume na kaka zetu: mchango wa kwanza tunaouomba kwenu hauna risiti.

Katika yote niliyoyaeleza, siku 84 zilidaiwa na watu waliokaa pamoja wakakubaliana. Vituo vya Iringa vilianzishwa na vijiji vilivyosomewa uzito wa watoto wao hadharani, vikaona aibu, vikatenda. Mkono mmoja haulei mwana. Miaka 10 iliyopita tulidhani hatuwezi kuweka akiba, tukaweza. Karatasi ya mapendekezo iko kwa katibu. Mwenye la kuongeza amwone kabla ya ajenda kufungwa, na siku ya mkutano tuje wote, wenye watoto waje nao.